Albrecht Dürer (1471–1528): Mkono, Jicho na Ushahidi wa Undani

1.0 Utangulizi

Kila inapozungumzwa kazi ya Albrecht Dürer wa Nuremberg, sifa inayotajwa kwanza ni undani. Hutajwa manyoya ya sungura wake, nyasi zake, na mikunjo ya ngozi ya kifaru wake. Mtazamaji husogea karibu, huona kwamba kila unywele umepewa mstari wake, kisha hukata shauri kuwa mtu aliyechora namna hiyo ni lazima alikiona alichokichora.

Makala haya yanayasimulia maisha ya Dürer kwa kulipima wazo hilo. Hoja inayojengwa ni kwamba undani katika mchoro wa kale hutokana na mambo mawili yanayofanana kwa nje lakini yaliyo tofauti kwa asili, yaani ustadi wa mkono na ushahidi wa jicho. Mkono uliofunzwa vizuri huweza kuendelea kutoa undani hata pale ambapo jicho halikushuhudia chochote. Anayetaka kuithamini kazi ya kihistoria hana budi kujifunza kuyatenganisha mambo hayo mawili. Maisha ya Dürer yana mifano ya yote mawili, na mfano wa mwisho haumo katika picha bali katika istilahi.

2.0 Karakana ya Sonara

Dürer alizaliwa tarehe 21 Mei 1471 mjini Nuremberg, mji wa wafanyabiashara na mafundi katika Ujerumani ya kusini. Baba yake, ambaye naye aliitwa Albrecht, alikuwa sonara aliyetoka Hungaria na kufika Nuremberg mwaka 1455. Jina la ukoo lenyewe ni tafsiri. Kijiji cha asili cha familia kiliitwa Ajtós, jina linalohusiana na neno la Kihungari lenye maana ya mlango. Ugenini baba alijiita kwa neno la Kijerumani lenye maana hiyohiyo, na lafudhi ya Nuremberg ikalifanya Dürer. Ngao ya familia ina mlango ulio wazi. Mama yake, Barbara Holper, alikuwa binti wa sonara ambaye baba huyo alimfanyia kazi. Walizaa watoto 18, na ni watatu tu waliofikia utu uzima.

Mafunzo ya kwanza ya Dürer yalikuwa katika karakana ya baba yake, na jambo hili ni la msingi kwa kila anayeichunguza kazi yake. Sonara wa wakati huo alitia nakshi juu ya dhahabu na fedha kwa kalamu ya chuma yenye ncha iliyokatwa mshazari. Kalamu hiyo husukumwa mbele kwa kiganja, nayo huchimba mfereji mwembamba ndani ya metali. Ikishinikizwa zaidi, mfereji hupanuka. Ikilegezwa, hupungua hadi kutoweka. Hakuna nafasi ya kusitasita, kwa kuwa mfereji ukishachimbwa ni vigumu mno kuufuta. Kifaa hichohicho ndicho kilichotumiwa na wachongaji wa picha za shaba. Hivyo mtoto wa sonara aliijua tabia ya mstari wa shaba kabla hajajifunza kuchanganya rangi.

Ushahidi wa mapema kabisa wa mkono huo ni picha aliyojichora mwenyewe mwaka 1484, akiwa na umri wa miaka 13, akijitazama katika kioo. Aliichora kwa kalamu ya fedha juu ya karatasi iliyopakwa tabaka maalumu la kushika chembe za metali. Kalamu ya aina hiyo haina mstari mzito wala haisamehe kosa. Giza hupatikana tu kwa kurudia mistari myembamba iliyo karibukaribu. Picha hiyo, ambayo imehifadhiwa Vienna katika jumba la Albertina, ina udhaifu wa kitoto katika mkono na kidole kilichonyoshwa, lakini nywele na mikunjo ya vazi tayari ni vya mtu anayejua kuufanya mstari ufuate umbo.

Mwaka 1486 kijana huyo aliiacha kazi ya usonara na kuingia uanagenzi kwa mchoraji Michael Wolgemut. Karakana ya Wolgemut ilitengeneza pia michongo ya mbao kwa ajili ya vitabu vya mchapaji Anton Koberger, ambaye alikuwa baba wa ubatizo wa Dürer. Kati ya 1490 na 1494 alisafiri kama ilivyokuwa desturi ya mafundi waliohitimu. Alifika Colmar akitaka kujifunza kwa Martin Schongauer, bingwa wa mchongo wa shaba, lakini akakuta bingwa huyo amekwisha kufariki mwaka 1491. Aliendelea hadi Basel na Strasbourg, kisha akarudi nyumbani na kumwoa Agnes Frey mwezi Julai 1494.

3.0 Ubao na Shaba

Baada ya safari yake ya kwanza ya Italia, iliyoanza mwaka huohuo wa 1494, Dürer alifungua karakana yake mwenyewe. Mwaka 1498 alitoa kitabu cha Ufunuo wa Yohana chenye michongo 15 ya mbao, kwa Kijerumani na kwa Kilatini. Kitabu hicho alikichapisha yeye mwenyewe, bila kungoja agizo la tajiri au la kanisa. Chapa zake zilibeba herufi mbili za jina lake, D ikiwa imewekwa chini ya miguu ya A.

Ili kuuthamini ustadi uliomo, inafaa kueleza tofauti ya mbinu mbili alizozitumia. Katika mchongo wa mbao, sehemu inayopaswa kubaki nyeupe hukatwa na kuondolewa, na mstari hubaki umeinuka kama ukuta mwembamba unaopokea wino. Katika mchongo wa shaba mambo hugeuka. Mstari huchimbwa, wino hujazwa ndani ya mfereji, uso wa bamba hufutwa, kisha karatasi yenye unyevu hushindiliwa hadi iufyonze wino. Kwa hiyo mstari wa mbao kwa kawaida ni mzito na una kingo za kisu, ilhali mstari wa shaba unaweza kuanza kama unywele, kunenepa katikati, na kufifia mwishoni. Kabla ya Dürer, wachoraji wengi wa michongo ya mbao walitoa mzingo wa umbo tu na kuacha kazi ya giza na mwanga kwa rangi iliyotiwa baadaye kwa mkono. Yeye aliufanya mstari wa mbao uvimbe na kusinyaa kana kwamba ulikuwa wa shaba, hata rangi ikawa haihitajiki. Erasmus wa Rotterdam alilisifu jambo hilo mwaka 1528 alipoeleza kuwa Dürer alifanikisha kwa mistari myeusi mitupu yale ambayo mchoraji Apelles wa Ugiriki ya kale alihitaji rangi kuyafikia.

Namna alivyofanya kazi katika shaba inajulikana kutokana na mchongo wa Adamu na Hawa wa mwaka 1504. Zimesalia chapa za majaribio zilizopigwa bamba likiwa halijakamilika. Ndani yake, msitu wa nyuma umemalizwa hadi jani la mwisho, huku miili ikiwa bado ni mizingo mitupu. Basi hakuifanya picha nzima iive kwa pamoja. Aliikamilisha sehemu moja kabisa, kisha akahamia nyingine, na hilo lilidai kwamba picha yote iwe imekwisha kuamuliwa kabla ya mfereji wa kwanza. Anayeitazama chapa iliyokamilika aanze basi na ngozi. Mistari inayopita juu ya paja hupinda kulifuata duara la paja, mistari mingine huikata kwa mshazari, na katika nafasi zinazobaki mna vidoti vya kulainisha mpito kutoka gizani kwenda mwangani. Giza lote la picha limejengwa kwa hesabu ya mistari.

4.0 Sungura na Pande la Nyasi

Katika miaka hiyohiyo alichora kwa rangi za maji kazi mbili ndogo ambazo leo zinajulikana kuliko nyingi za madhabahuni, nazo ni sungura wa mwaka 1502 na pande la nyasi la mwaka 1503. Zote mbili zimo Albertina.

Picha ya sungura haizidi sana ukubwa wa kurasa za kitabu cha kawaida, takriban sentimita 25 kwa 23. Huaminiwa na wengi kuwa kila unywele umechorwa, lakini ukaguzi wa karibu unaonyesha uchumi mkubwa zaidi. Kwanza ilipakwa rangi nyepesi ya kahawia kama tandiko. Juu yake zikapigwa nyuzi za rangi nzito kwa ncha ya brashi, nyeusi na za kahawia, na mwisho nyuzi nyeupe pale mwanga unapogusa. Nyuzi hizo zimekolea katika sehemu ambazo manyoya hubadili mwelekeo, kama vile begani, shavuni na ukingoni mwa sikio. Kwingineko tandiko huachwa lifanye kazi peke yake. Jicho la mtazamaji hukamilisha yaliyosalia. Ndani ya jicho la sungura kuna alama ndogo ya mwanga yenye umbo la dirisha, na mnyama ana kivuli chake sakafuni ingawa sakafu yenyewe haikuchorwa.

Katika pande la nyasi kuna ushahidi wa aina nyingine. Hapana ua la fahari wala kisa chochote; pana udongo, mizizi na magugu yaliyotazamwa kutoka chini kabisa. Hata hivyo wataalamu wa mimea wameweza kuitambua mimea iliyomo kwa aina zake, na hata kukadiria msimu. Huu ndio undani unaostahili kuitwa ushahidi, yaani ule unaoweza kuulizwa swali ambalo mchoraji hakulikusudia na bado ukatoa jibu sahihi.

Isidhaniwe kwamba Dürer aliulinganisha undani na wingi wa mistari. Mwaka 1514, baada ya kukamilisha mchongo wa shaba wa Mpanda Farasi, Mauti na Shetani mwaka 1513, alitoa ule wa Mtakatifu Jeromu chumbani mwake na ule wa Huzuni. Katika chumba cha Jeromu mwanga hupita vioo vya mviringo vya dirisha na kuchora vivuli vya duara ukutani. Katika Huzuni kuna jedwali la namba ambalo kila safu yake hujumlisha 34, na chini mwake mwaka 1514 umefichwa katikati. Lakini mwezi Machi wa mwaka huohuo alimchora mama yake kwa makaa. Alikuwa na umri wa miaka 63, amekonda, na macho yake yameachana. Mistari ni michache na mizito, mishipa ya shingo imepigwa kwa mkono usiopamba. Miezi miwili baadaye, tarehe 16 Mei, mama alifariki. Mtu aliyeweza kuchora vivuli vya vioo vya dirisha aliviacha vyote hapa, akabakiza mifupa na ngozi.

5.0 Kifaru Asiyeonwa

Tarehe 20 Mei 1515 alishushwa bandarini Lisbon kifaru aliyetoka Gujarat, zawadi ya Sultani Muzaffar wa Pili iliyopitia mikononi mwa Afonso de Albuquerque, mtawala wa Wareno huko India. Meli ilikuwa imeizunguka Afrika. Ulaya haikuwa imemwona mnyama huyo akiwa hai tangu zama za Warumi. Barua yenye maelezo na mchoro ilifika Nuremberg, na Dürer, ambaye hakuwahi kumwona kifaru, alichora kwa kalamu na wino, kisha akatoa mchongo wa mbao mwaka huohuo. Mfalme Manuel alimpeleka mnyama kwa Papa Leo wa Kumi, lakini meli ilizama karibu na pwani ya Italia mwanzoni mwa 1516. Dürer hakupata nafasi ya kumlinganisha kifaru wa karatasi na wa nyama.

Mchongo huo ni wa ajabu kwa wingi wa habari. Ngozi imegawanyika katika mabamba kama deraya, kingo zake zina mfano wa misumari, miguu ina magamba, na juu ya shingo imesimama pembe ya pili, ndogo, iliyosokotwa. Mikunjo ya ngozi ni ya kweli kwa kifaru wa India; misumari, magamba na pembe ya shingoni si vya kifaru yeyote. Kifaru wa India ana pembe moja. Wale wa Afrika wana mbili, lakini zote ziko juu ya pua, jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kufundishwa.

Kinachofaa kuchunguzwa ni mahali kosa lilipojificha. Halikujificha katika sehemu zilizochorwa kwa uzembe, kwa kuwa hakuna sehemu ya namna hiyo. Pembe isiyokuwapo imepewa mistari ya duara inayoizunguka kwa uangalifu uleule uliopewa pembe iliyokuwapo. Mkono wa sonara ulipokosa cha kunakili ulirudia ulichokijua, yaani metali, magamba na misumari. Mwaka huohuo Hans Burgkmair wa Augsburg alitoa mchongo wake wa kifaru huyohuyo. Wake hauna pembe ya shingoni, na miguu ya mbele imefungwa kamba kama inavyofaa mnyama aliyetekwa. Kwa ukweli wa umbo, Burgkmair alimkaribia mnyama zaidi. Lakini chapa ya Burgkmair imesalia nakala moja tu, ilhali ile ya Dürer ilipigwa tena na tena, ikaingia katika kitabu cha wanyama cha Conrad Gessner cha mwaka 1551, na kuendelea kuongoza fikra za Wazungu hadi katikati ya karne ya 18, alipopitishwa katika miji ya Ulaya kifaru hai aliyeitwa Clara. Watu waliuchukua wingi wa undani kuwa ni uthibitisho, na uthibitisho huo ulidumu zaidi ya miaka 200.

6.0 Antwerp: Uso na Nadharia

Mwezi Julai 1520 Dürer aliondoka na mkewe kwenda nchi za Uholanzi ya kale, akitaka Kaisari Charles wa Tano aithibitishe posho ya mwaka aliyopewa na Kaisari Maximilian. Huko Brussels aliona vitu vya dhahabu vilivyoletwa kutoka Meksiko, na akiwa mtoto wa sonara alistaajabia werevu wa mafundi waliovitengeneza. Mwezi Desemba alisafiri hadi Zeeland kwa sababu alisikia kuwa nyangumi amekwama ufukweni. Safari hiyo nusura impoteze baharini, na alipofika maji yalikuwa yamekwisha kumchukua nyangumi. Safari hii hakuchora kwa kusikia. Kwa nyangumi ambaye hakumwona hakutoa mchongo. Homa iliyomsumbua miaka iliyofuata huhusishwa na wengi na safari hiyo.

Antwerp alikaribishwa mara nyingi na João Brandão, wakala wa kibiashara wa mfalme wa Ureno. Katika nyumba hiyo alitumikishwa mwanamke Mwafrika aliyeitwa Katharina, mwenye umri wa miaka 20. Dürer alimchora mwaka 1521 kwa kalamu ya fedha, mbinu ileile ya utoto wake, na mchoro umehifadhiwa katika jumba la Uffizi mjini Florence. Ameinamisha macho, kichwa kimefunikwa kitambaa. Mistari ya shavu ni myembamba kiasi kwamba hutambulika kama kivuli kabla ya kutambulika kama mistari. Hakuna mzaha wala kutia chumvi. Kuna mtu mmoja, katika saa moja ya maisha yake, ambayo bila shaka hakuichagua.

Mchoro huu unapaswa kuwekwa kando ya maandishi ya Dürer mwenyewe kuhusu uwiano wa mwili. Humo alirithi na kurudia hukumu ya zama zake kwamba nyuso za Waafrika ni nadra kuwa nzuri, ingawa alikiri kuwa amewaona ambao maumbile ya miili yao hayangeweza kuboreshwa. Nadharia ilizungumza juu ya watu kwa jumla, kwa vipimo vilivyotoka kwingine. Kalamu ya fedha ilikuwa mbele ya mtu mmoja, nayo haikuikuta hukumu ile usoni pake. Tofauti kati ya kilichoonwa na kilichopokewa, iliyodhihirika katika kifaru, hapa inahusu heshima ya binadamu.

7.0 Lugha ya Mafundi

Miaka ya mwisho Dürer aliitumia kuandika. Mwaka 1525 alichapisha kitabu cha upimaji kwa bikari na rula, mwaka 1527 kitabu cha ngome, na Vitabu Vinne vya Uwiano wa Mwili vilitoka mwezi Oktoba 1528, baada ya kifo chake. Aliviandika kwa Kijerumani wakati lugha ya elimu ilikuwa Kilatini. Wasomaji aliowakusudia walikuwa wachoraji, masonara, waashi na maseremala, watu ambao jiometri ya Wagiriki haikuwahi kuwafikia kwa lugha yao.

Istilahi hazikuwapo, hivyo alizitafuta karakanani na katika vitu vya kila siku. Mkato wa koni unaokusanya miale ya jua na kuwasha moto, yaani parabola, aliuita mstari wa kuunguza. Haipabola aliiita mstari wa uma. Mzingo unaojizungusha aliupa jina la konokono. Duaradufu aliiita mstari wa yai. Kwa mwanaisimu, hii ni njia ya uundaji wa istilahi inayostahili heshima. Neno linatoka kwa msemaji, linaonekana, na linashikika mkononi.

Lakini neno la yai lina kisa. Dürer aliamini kwamba mkato huo huwa mpana zaidi upande wa chini kwa kuwa koni nayo hupanuka kuelekea chini, na mchoro aliouchapisha, wenye vipimo vilivyohamishwa nukta kwa nukta, kweli una umbo la yai. Duaradufu halisi ina ncha mbili zilizo sawa. Istilahi ililihifadhi kosa la jicho, na kwa kuwa ilikuwa nzuri, ililifanya kosa lionekane kama maelezo. Kisa cha pembe ya kifaru kilijirudia, safari hii katika neno.

8.0 Hitimisho

Dürer alifariki Nuremberg tarehe 6 Aprili 1528. Miaka michache baadaye vitabu vyake vya upimaji na uwiano vilitafsiriwa kwa Kilatini, na hivyo lugha ya wanazuoni ikalazimika kujifunza kutoka kwa lugha ya mafundi.

Maisha yake hayafundishi kwamba undani ni udanganyifu. Sungura na nyasi vinakataza hitimisho hilo. Yanachofundisha ni utaratibu wa kutazama. Kwanza mtazamaji aulize kifaa, iwe ni kisu, kalamu ya chuma, fedha au makaa, kwa kuwa kila kifaa kina undani wake wa kuzaliwa. Pili aulize msanii alisimama wapi na mbele ya nini. Tatu aitafute sehemu ambapo mkono umeendelea kusema baada ya jicho kunyamaza. Swali hilo la tatu linamhusu pia mtunga kamusi na mwanaistilahi, kwa kuwa fasili iliyonyooka na neno linalopendeza sikioni huaminiwa upesi, kama ilivyoaminiwa pembe ile ndogo shingoni mwa kifaru.